Upande wa Nyuma wa Sahihi

Wadogo zangu, mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilizaliwa nao, nikaolewa nao, na ofisi ikaniajiri nao. Neema, aliyeshika nafasi yangu ofisini, ameniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, nami nimekubali, ila tangu nikae hapa nimeshainuka mara kadhaa kwenda kuangalia kama jiko limezimwa. Habari za vyeo na mshahara sitaandika. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe.

Kazi yetu ni kukusanya barua zilizosainiwa na viongozi wa siasa. Mawaziri, wakuu wa mikoa, wabunge, makatibu wa vyama, hata vile vyama vilivyokwisha kufa. Mtu akisikia hivyo hudhani tunashinda tunasoma siri za serikali. Siri gani, jamani! Barua nyingi za viongozi zinasema "nimepokea barua yako" na "suala lako linashughulikiwa," basi. Lakini ukiwa mkulima wa Kikwe, na waziri kaweka mkono wake pale chini, karatasi hiyo utaitunza kuliko cheti cha ndoa.

Siku yangu ya kwanza nilifika na viatu vya kuchuchumia na peni mpya mfukoni. Bosi wangu alikuwa Mzee Laizer, Mwarusha wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, aliyewahi kufanya kazi masjala ya mahakama kabla ya kuja kwetu. Alinyanyua macho, akaichukua ile peni, akaifungia kwenye droo.

"Humu ndani ni penseli tu. Wewe ni wa wapi?"

"Machame, mzee."

"Vizuri, Kimeru utasikia. Sasa nenda kanawe mikono."

Nikanawa, nikarudi. Akanishika vidole, akatikisa kichwa. "Umenawa, hujakausha. Rudi." Asubuhi nzima nilikuwa nanawa na kukausha kama mtu anayejiandaa kupasua mgonjwa. Jioni nilimwambia mume wangu kazi yenyewe ni ya kichaa na sitamaliza mwezi. Nimestaafu juzi.

Mzee Laizer hakuwa mtu wa maneno mengi. Akiwa na ng'ombe anayekaribia kuzaa, alikuwa hasemi kabisa. Lakini wiki ile ya kwanza aliniambia neno ambalo sijawahi kulisahau: "Karatasi ina maadui wanne, Aikande. Maji, moto, mchwa, na mtu anayeipenda." Nilicheka. Yeye hakucheka, akaendelea kuchonga penseli.

Vifaa vyetu mnavijua, ingawa sasa mna vizuri zaidi. Sisi tulikuwa na brashi ya kunyolea ndevu ya kufutia vumbi, kijiti cha mwanzi kilichochongwa mpaka kikawa chembamba kama ukucha, lenzi, na tochi. Tochi hiyo msiidharau. Weka barua mezani, funga pazia, kisha ilaze tochi pembeni ili mwanga uteleze juu ya karatasi. Kalamu za wino za zamani zilikuwa na ncha ya chuma, na mtu akisaini kwa mkono wake, ncha ile huchimba mfereji. Hauonekani kwa macho ya kawaida. Geuza karatasi, pitisha kidole upande wa nyuma, utakuta kimwinuko.

Kwa nini nasema haya? Kwa sababu zamani ofisi nyingi za wakubwa zilikuwa na muhuri wa mpira wenye sahihi. Waziri ana barua kibao, yuko safarini, karani anagonga muhuri, barua inaondoka. Haukuwa wizi, ndio ulikuwa utaratibu. Lakini kanuni ya ofisi yetu tangu mwanzo ni sahihi ya mkono tu. Muhuri hauchimbi karatasi. Ukigeuza nyuma, ni laini kama shavu la mtoto.

Basi tukawa tunazunguka. Kule Terrat tulimkuta babu mmoja aliyehifadhi barua ya mkuu wa wilaya ndani ya mkebe wa ugoro. Tulipiga chafya kutoka kwake mpaka mjini, lakini barua ilikuwa nzima, hakuna mdudu aliyethubutu kuisogelea. Kikwe tulipelekwa sebuleni, barua imetiwa fremu ukutani, inatazamana na dirisha. Sahihi yote ilikuwa imeliwa na jua, haipo. Mwenye nyumba akainyooshea kidole pale palipo patupu: "Si hiyo hapo? Mkono wa waziri mwenyewe." Nikafungua mdomo. Mzee Laizer akanikanyaga mguu, akasema, "Ndiyo, baba, tunaiona. Lakini tuihamishie ukuta wa huku." Njia nzima ya kurudi nilikuwa na uchungu, nikifikiria watu wangapi wanaona kitu kwa sababu tu wanajua kilipokuwa.

Kulikuwa pia na kijana wa mjini aliyesikia kwamba wazungu wananunua barua kama hizo, akaja na bahasha nzima ya barua za viongozi, zote za rangi ya kahawia, zimezeeka kweli kweli. Mzee Laizer akainusa ya kwanza, akanipa mimi. Tangawizi. "Kijana," akamwambia, "hizi umezichovya kwenye chai, si ndiyo?" Yule kijana akacheka mwenyewe, akasema, "Mzee, life gumu." Akaenda zake. Hata hivyo mimi sikutulia kwa siku kadhaa, nikawa nanusa kila kitu kabatini.

Na mvua! Hamjui mateso ya paa lile la zamani, kabla halijabadilishwa. Masika ikianza, Jumapili nikitoka ibadani nilikuwa siendi nyumbani moja kwa moja, napitia ofisini kuangalia dari. Mume wangu alikuwa akisema kwamba mimi nimeolewa na mabati, yeye ni wa pembeni tu. Nilimwambia mabati hayo yakivuja hatalala yeye wala mimi.

Sasa niwaeleze habari ya barua ya Nkoaranga. Hiyo ndiyo iliyonizeesha.

Siku moja alikuja ofisini mama mmoja wa makamo, amefunga kitenge juu ya sweta, viatu amevivulia mlangoni ingawa tulimwambia aingie navyo. Jina lake Mama Elirehema. Alisema ana barua ya waziri aliyoandikiwa marehemu mume wake, na anataka itunzwe. "Nikifa mimi, watoto watafungia maandazi," akasema. Nikamwambia asiishike, asiikunjue, asiifanye chochote, tutaifuata sisi wenyewe baada ya wiki. Akaitikia vizuri kabisa.

Tukapanda na Mzee Laizer, kwa miguu ile sehemu ya mwisho, maana njia ya kihamba chao, shamba la nyumbani, ilikuwa imekuwa utelezi mtupu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Kabla ya kufika tukakutana na mzee mrefu aliyebeba majani ya ng'ombe begani. Nikamwamkia, "Shikamoo baba."

"Marahaba. Mnakwenda kwa yule mama?"

"Ndiyo, baba. Kuna barua."

Akatutazama toka juu mpaka chini. "Barua," akasema. "Mnapanda mlima wote huu kufuata muhuri." Akaendelea na majani yake.

Kumbe yule alikuwa Mzee Nderingo, kaka mtu wa marehemu. Uzio mmoja tu wa mimea ya masale uliwatenganisha na Mama Elirehema, lakini alikuwa hamwiti "shemeji" wala "mke wa ndugu yangu." "Yule mama," ndivyo alivyomwita.

Mama Elirehema alitukaribisha kwa loshoro, makande ya maziwa mgando, akakaa, akatueleza yote bila kuficha. Mume wake, Eliamani, alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha kahawa. Msimu mmoja kahawa ya wanachama ikapungua kati ya ghala la kijiji na kiwanda, na lawama zote zikamwangukia yeye kwamba anachezea mizani. Akaachishwa kazi, na kanisani akavuliwa uzee wa kanisa. Nduguye, ambaye naye kahawa yake ilipungua, akasimama kwenye kikao cha ukoo akasema hatakunywa tena kibuyu kimoja na mwizi. Eliamani akaandika barua kwa waziri. Ukapita muda mrefu, mpaka jibu likaja: uchunguzi umefanyika, mizani ndiyo ilikuwa mbovu, karani hana kosa. Chini, sahihi ya waziri.

"Akaipeleka kwenye ukoo," alisema Mama Elirehema. "Akaisoma yeye mwenyewe, sauti inatetemeka. Shemeji akaichukua, akaiinua dirishani, akasema, 'Huu ni muhuri. Waziri hakuiona barua hii. Makarani wanajuana, karani kamtengenezea karani mwenzake.' Na watu wakaamini. Unajua tena watu. Lisemwalo lipo."

Eliamani alikufa na hilo jina. Siku ya mazishi, ukoo wote ulipita kaburini, kila mtu akatupia udongo, na Nderingo akabaki amesimama kwenye masale, mikono nyuma, mpaka watu wakatawanyika. Kaka wa damu, amekataa kumtupia udongo mdogo wake. Kwa watu wa mlimani, hilo halina dawa ya dukani.

Nikasema, "Mama, tuione barua basi."

Akaingia chumbani, akatoka na uso wa furaha, amebeba kwa mikono miwili kitu kinachong'aa. Moyo wangu ukafa pale pale. Alikuwa ameshuka hadi Usa River siku iliyotangulia, akaipiga laminesheni.

"Nimeona aibu kuwapa karatasi chakavu," akasema. "Inakwenda mahali pakubwa. Kijana wa steshenari kanifanyia safi kabisa, eh?"

Nilimtazama Mzee Laizer. Sura haikubadilika. Aliipokea ile plastiki kwa heshima, akasema, "Asante sana, mama. Imependeza." Lakini tulipokuwa tunashuka, alisimama katikati ya utelezi, akashika kiuno. "Adui wa nne," akasema, akaendelea kushuka.

Ninyi mnaelewa, lakini niseme kwa atakayesoma bila kujua. Karatasi iliyokaa miaka Nkoaranga ina unyevu wa ukungu ule. Mashine ya laminesheni inaipika, inaibana kati ya roli mbili, kisha inaigandisha na gundi mbele na nyuma. Haipumui tena. Kuitoa ni hatari, maana gundi inaweza kuondoka na wino. Kuiacha nako ni hatari. Na kwetu kulikuwa na balaa la tatu. Ile plastiki ilikuwa inang'aa hata tochi haikufaa kitu, na upande wa nyuma kidole kilikuwa kinateleza tu. Swali la mkono au muhuri likawa limefungiwa ndani pamoja na barua.

Mzee Laizer alikaa nayo wiki nzima na lenzi yake. Wino wa buluu, mistari mizuri, mkia mrefu mwishoni. Hatimaye akaivua miwani. "Sijui," akasema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema neno hilo. Akaiweka kwenye rafu ya zinazosubiri, na haukupita muda akastaafu, akarudi kwa ng'ombe zake. Barua akaniachia mimi.

Mwaka wa kwanza yote yalikuwa salama. Mwaka wa pili nikaona kadoa kwenye kona, sehemu gundi haikushika vizuri, ka rangi ya kijivu kama pumzi kwenye kioo. Unyevu uliofungiwa ulikuwa umeanza ukungu wake wenyewe. Nikaweka alama kwa penseli juu ya plastiki. Mwaka uliofuata doa lilikuwa limevuka alama, linaelekea chini, kwenye sahihi. Sikusema kwa mtu. Nikawa nafungua kabati asubuhi kabla ya kunywa chai, naliangalia, nafunga, halafu narudi kuhakikisha nimefunga.

Na Mama Elirehema alikuwa anakuja kila mwaka, Krismasi zikiisha, na mkungu wa ndizi begani. Nilimwambia mara ngapi aache ndizi! Nilikuwa namtolea barua yake, anakaa nayo kitini, anapitisha kidole juu ya ile sahihi, pole pole, toka mwanzo mpaka kwenye mkia. Kusoma alikuwa anasoma kidogo sana, lakini njia ya sahihi ile aliijua kuliko mimi. Kisha anauliza swali lile lile, kwa sauti ya chini.

"Mmeshajua, mwanangu? Ni mkono?"

"Bado, mama. Tunaangalia."

"Haya. Haraka haraka haina baraka."

Anaondoka, nami narudisha barua kabatini. Angalau methali yake ilikuwa ya upole. Mimi niliyokuwa naisikia kichwani ni ile nyingine, ngoja ngoja huumiza matumbo. Maana nilikuwa najua sababu mbili za kungoja. Ya kwanza ni ya kazi, nikifungua vibaya naua sahihi. Ya pili ilikuwa ya moyo. Je, nikifungua nikakuta ni laini kama shavu la mtoto? Nitamwambia nini mama wa watu? Kwamba Nderingo alikuwa sahihi, na barua yake ofisini kwetu haina nafasi?

Nikaanza kujifunza kwa makaratasi yangu. Nilichukua barua zangu za zamani zenye sahihi za wino, nikazipeleka steshenari zipigwe laminesheni, nikarudi nazo nyumbani nikawa nazibandua kwa pasi yenye joto dogo na kijiti cha mwanzi. Mume wangu akanitazama wee, akashindwa kuvumilia. "Mama Upendo, hebu nieleze. Unalipa ifungwe, ili uje uifungue?" Nyingi niliziharibu, na barua ya posa aliyoniandikia kwa baba ni mojawapo, ingawa hajui, na msimwambie. Lakini nilijifunza jambo moja. Ukianza upande wa nyuma, ambako hakuna maandishi, plastiki inatoka bila kugusa wino. Upande wa mbele unaweza kuuacha umshikilie mgonjwa. Nyuma ikishafunguka, karatasi inapumua, na kidole kinapata njia.

Tatizo likabaki moja. Zile roli za mashine zinabana. Katika barua zangu za majaribio, nyingine kimwinuko kilikuwa kimelala kabisa, na zilikuwa sahihi za mkono, nimeziona zikiandikwa. Yaani tunaweza kufungua, tukakuta pako laini, na isiwe ushahidi wa kitu chochote, lakini nani atamweleza hivyo Nderingo akaelewa?

Mwaka wangu wa kustaafu ukafika. Doa lilikuwa limegusa herufi ya kwanza ya sahihi. Nikampigia simu mama, nikamweleza yote bila kupunguza, habari ya doa, habari ya roli, habari ya hatari. Nikasikia jogoo wake akiwika kwenye simu.

"Fungua," akasema. "Lakini usifungue bila yeye kuwepo. Mkifungua wenyewe atasema mmechora."

"Mama, atakubali kuja?"

"Atakuja. Atataka kuona aibu yangu."

Na kweli alikuja. Alikuwa ameshakuwa mzee sana, anatembelea fimbo, koti la suti lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Walipanda gari moja toka Usa River lakini aliingia yeye kwanza, na mama akaingia baadaye kama watu wasiofahamiana. Nikawaamkia, nikawapa viti. Alikaa mbali, karibu na mlango. Neema alikuwepo, ameshika tochi.

"Naanza," nikasema.

"Anza," akasema Mzee Nderingo. "Mimi sina haraka. Nimengoja tangu ujana."

Nikaigeuza barua kifudifudi. Nikapasha pasi, nikaijaribu kwenye mkono wangu, nikaigusisha kwenye kona ya plastiki na kuiondoa. Kijiti kikaingia. Plastiki ikanyanyuka kidogo, ikatoa sauti kama gamba la muwa. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikarudia. Hivyo hivyo, asubuhi yote, kidogo kidogo. Mara moja tu karatasi ililia, sehemu ya mkunjo wa zamani, na mama akasema "Yesu." Haikuchanika. Nikaendelea. Mchana ulipofika, plastiki ya nyuma ilikuwa imetoka yote, na chumba kikanuka ukungu wa Nkoaranga. Haki ya Mungu, ile harufu ilikuwa imekaa humo miaka yote.

Neema akafunga pazia, akalaza tochi pembeni. Nikainama.

Laini.

Nikapitisha kidole pale ambapo sahihi ilianzia kwa mbele. Laini. Katikati, laini. Sikuthubutu kuinua macho, maana nilijua mama ananitazama usoni. Niliisikia fimbo ya Mzee Nderingo ikigonga sakafu mara moja, tak. Nikaendelea mpaka kwenye mkia, ule mkia mrefu wa mwishoni ambao mama alikuwa akimalizia nao kidole chake kila mwaka.

Kidole kikakwama.

Nikachukua lenzi. Pale mwisho wa mkia, mwandishi alikuwa amekandamiza. Alikandamiza kwa nguvu, ncha ya chuma ikachana karatasi na kutokeza nyuma, nyuzi za karatasi zimesimama kama ndevu za siku moja. Roli zinaweza kulaza kimwinuko. Karatasi iliyotobolewa haiwezi kushonwa na roli. Na muhuri wa mpira, wadogo zangu, hautoboi.

Nikamwonyesha Neema, akatazama, akafunika mdomo. Nikamwita mama, nikamwambia asinawe tena, mikono yake mikavu inatosha, nikamshika kidole nikakiweka pale. Alikaa nacho hapo muda mrefu. Kidole chake kilikuwa hakijawahi kufika huko, alikuwa akisafiri juu ya plastiki tu.

"Alikandamiza," akasema. "Ameandika kwa hasira."

"Ni mkono, mama. Ni mkono kabisa."

Hakulia. Alitoka mezani, akaenda akasimama kando ya kiti cha shemeji yake, akamwambia kwa Kimeru, na mimi nikasikia maana Kimeru na Kimachame ni ndugu: "Inuka uguse."

Nilidhani Mzee Nderingo atakataa. Halafu akaegemea fimbo, akainuka, akaja. Nikamwonyesha mahali. Kidole chake kilikuwa kinene, kimekakamaa kwa jembe, nikaogopa hakitasikia kitu. Akakigusa mahali pale, akakiondoa. Akakirudisha. Akamwambia Neema, "Washa tochi tena, binti." Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, na hakuinuka upesi.

"Mfunike," akasema mwishowe, kana kwamba ni mtu. Akaenda akachukua kofia yake.

Nikaona basi, ndivyo itakavyoisha. Nikaifunika barua, nikaandika kadi yake kwa penseli, sahihi ya mkono, nikaitoa kwenye rafu ya zinazosubiri. Plastiki ya mbele nimemwachia Neema, na doa lile alitazame kila wiki, asiliamini. Nikawasindikiza wageni mpaka getini. Mawingu yalikuwa yamefunika Meru, mvua haiko mbali, na mimi tayari nilikuwa nawaza kama madirisha ya nyuma yamefungwa. Walitembea mbele yangu, mama huku, mzee kule, nafasi ya watu wengine wawili katikati yao.

Getini mzee akasimama.

"Shemeji," akasema.

Mama akageuka. Nilihesabu moyoni ni tangu lini hajaitwa hivyo, nikashindwa.

"Kaburi la mdogo wangu, nani anapalilia?"

"Mimi mwenyewe."

Akatazama mlimani, akatazama fimbo yake. "Kesho nitakuja na jembe," akasema. "Niachie sehemu ya kichwani. Udongo wa pale nitauweka mimi."

"Njoo asubuhi," mama akamwambia. "Mchana kuna jua."

Wakaondoka kufuata gari la Usa. Mimi nikarudi ndani kuangalia madirisha. Yalikuwa yamefungwa.